Pumba tulizowapa kuku, na Kalenga aliyekuwa haishi kuugua

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Ninayoandika niliyaishi mwenyewe.

Siku ninayotaka kuisimulia tulikuwa mezani mimi, wadogo zangu Ngoi na Kalenga, jirani yetu Mama Feza, na Baba Mukubwa, kaka yake marehemu baba, aliyetoka Kasumbalesa kuja kutugawa kwa ndugu.

Nirudi nyuma kidogo.

Enzi za Zaire, baba alikuwa mchimbaji wa shaba. Kampuni ilitupa posho ya unga mweupe kila mwezi. Mama alitangulia, baba akafuata, posho ikakatika. Nikaacha shule nilee wadogo.

Sasa, sisi watoto wa kambi ya wachimbaji tulikuwa na fahari yetu. Bukari, yaani ugali, lazima iwe nyeupe. Mahindi yakitoka mashineni tunachekecha mpaka unga ung'ae, pumba kwa kuku. Bukari ya kahawia ilikuwa ya watu wasio na kazi, na hatukutaka majirani wajue tumefika huko. Kitoweo dagaa wachache na chumvi.

Kalenga, kitinda mimba, akawa na choo kigumu, na kila mafua ya mtaa yalianzia kwake.

Baba Mukubwa alipokuja mara ya kwanza na kumwona akasema: "Mvua ikiisha narudia. Kama huyu mutoto angali mugonjwa namubeba, na Ngoi anaenda Likasi kwa tantine, shangazi yenu. Weye peke yako hautaweza."

Njaa sikuiogopa kama maneno hayo.

Mama Feza, mzaliwa wa Lukafu, alinikuta nikimwaga pumba. Aliniita Yaya, yaani ndugu mkubwa, kama walivyoniita wadogo zangu.

"Yaya, bakuku benu beko banono kupita batoto. Unalisha nani mu hii nyumba?"

Akatuazima beseni la mbegu za maharagwe, tukapanda nyuma ya nyumba. Yalipokuwa yakiota, akatugawia lengalenga, mchicha wa kwake. Kuchekecha tukaacha.

Wakuu, mwanzoni matumbo yalijaa hewa. Ngoi alikuwa akifungua dirisha na kusema, "Kalenga, hurumia majirani." Dispansari wakatushauri tunywe maji zaidi na tuongeze taratibu.

Choo kikalainika. Mafua yakapungua. Dawa zao hatukuacha, kwa hiyo sisemi mboga pekee ndiyo iliyomponya.

Mvua ikaisha, ikafika ile siku ya mezani: Baba Mukubwa akaja na begi tupu la kubebea nguo za Kalenga. Akaitazama bukari yetu.

"Munakula chakula ya nguruwe sasa?"

Kalenga, mdomo umejaa: "Iko tamu, Baba Mukubwa. Kama hautaki ile yako, lete."

Baba Mukubwa akanawa, akala. Alipomaliza akalikunja begi.

"Bakae na yaya yao."

Nilibeba sahani nje haraka, wasinione uso.

Baadaye sana nimesoma kwamba nyuzinyuzi za vyakula hulisha bakteria wazuri wa utumbo, na huenda hilo likasaidia kinga ya mwili. Funzo nililopata ni dogo: usile kwa ajili ya macho ya watu. Na mgonjwa apelekwe kwa daktari.

Nyie kwenu mnachekecha? Semeni hapa chini.

Na mwenye habari za Mama Feza au watoto wake huko Lukafu, aandike pia. Alirudi huko kabla hatujavuna vya kutosha, na kwetu mbegu hulipwa kwa mbegu. Beseni lao la maharagwe bado liko kwangu.