Maji ya samaki kwenye mchicha wa mama

Leo nimetapika jikoni kwangu kwa sababu ya mchicha.

Nimeupanda kwenye beseni dirishani, hapa mtaa wa Xiaobei, Uchina, maana baridi hii nje hauoti. Mbegu alizikausha marehemu mama. Nilizimwaga zote humo, sina nyingine.

Asubuhi jikoni kunanuka uvundo. Nachokonoa udongo, funza.

Namwita Mwanaidi, binti ninayepanga naye.

"Dada, si huwa naumwagia maji ya kuoshea samaki? Nyumbani ndiyo mbolea."

"Nyumbani ni uani, Mwanaidi. Hapa tumefunga madirisha."

Nimeosha mche mmoja mmoja, pua nimeiziba kwa ushungi. Michache imesimama.

Sasa anauliza tutaula lini. Jamani, nyie mngeula?

Mimi siuchumi. Nauacha utoe mbegu.