Karatasi ya Maji Kando ya Picha ya Dona

Jumanne, Machi 14, saa tatu asubuhi, meya alibandua karatasi moja kwenye ubao wa nje wa nyumba ya kusomea ya kijiji cha Gorni Dren. Tangu siku hiyo Rangel Tsonev hajanyamaza.

Leo ni Alhamisi. Mzee huyo wa miaka 67, mtunzaji wa nyumba hiyo kwa nusu mshahara, anapanga viti ishirini nje kwenye baridi. Ukumbi umefungwa. Ufunguo amepokonywa.

Kwa miaka kumi na moja amekuwa akikata habari za sayansi magazetini na kuzibandika kwenye ubao huo, katikati ya matangazo ya vifo yenye picha za marehemu.

"Hapa mtu haji kusoma habari za nyota. Anakuja kuona nani kafa," anasema Rangel, aliyeishia darasa la saba. "Basi nikawawekea nyota hapohapo, katikati ya marehemu."

Ndivyo yalivyoanza mazungumzo ya Alhamisi: mtaalamu anaalikwa, wanakijiji wanambishia mpaka chai inapoa.

Februari alikuja Iskra Velcheva, mpimaji wa maji. Akakuta nitrati, chumvi itokayo kwenye mbolea, miligramu 112 kwa lita katika kisima cha kijiji; kikomo cha usalama ni 50. Rangel akabandika majibu hayo palipokuwa na nafasi, kando ya picha ya mkewe, Dona, aliyetimiza siku arobaini tangu afe kwa maradhi ya tumbo.

Hakukusudia. Lakini watu walitazama huku, wakatazama kule.

"Unatisha watu, mzee Rangel," meya alimwambia Jumanne huku akiibandua karatasi hiyo.

"Aogope anayekunywa, au anayeficha?"

Meya hanywi maji ya kisima. Wakubwa wana ya chupa. Wengine wameambiwa wachemshe.

"Hivi kuchemsha kunapunguza nini?" anauliza jirani ya Rangel, Bibi Tsveta, akivuta kiti.

"Kuni, mama," anajibu Rangel. "Nitrati inabaki. Kunapunguza kuni tu."

Wanacheka.

Iskra, aliyealikwa tena leo, hapendi kubahatisha. "Siwezi kusema maji ndiyo yaliyomuua Dona," anawaambia. "Ninachojua, kisima hupimwa kila mwaka, na majibu hupelekwa ofisini kwa meya."

Rangel hadai zaidi ya hapo. Kiti cha mbele amemwekea meya, na atakiweka kila Alhamisi, mvua au theluji. Ubaoni, chini ya picha ya mkewe, amebandika karatasi mpya kwa mwandiko wake mzito:

"Dona aliugua Septemba. Majibu ya mwaka jana mliyasoma lini?"