Vidonge vya Asubuhi ya Koito

Nilikuwa msemaji wa familia, na nilikuwa nanuka pombe. Afadhali niliseme mapema kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea nakujua sana.

Ilikuwa Jumamosi ya koito ya mdogo wangu, siku ya kwenda Soy kwa wazazi wa msichana kupatana mahari. Baba alishafariki, kwa hiyo mimi kifungua mimba ndiye niliyepaswa kusimama mbele ya wazee na kumwombea mke. Ijumaa, badala ya kulala mapema, nilikaa baa na walimu wenzangu nikifanya mazoezi ya hotuba. Kila aya ilihitaji chupa yake.

Asubuhi kichwa kilikuwa kinagonga. Mama alinipitia nyumbani Kimumu, akasimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja.

"Umekunywa?"

"Kidogo tu, Mama. Jana."

Alirudi garini alikokuwa mdogo wangu, nami nikakimbilia duka la dawa la mtaani. Mwenye duka ni mama Msomali asiyependa kubembeleza mteja.

"Nipe kitu itatoa hii hangover mbio."

"Kuna hii ya kuyeyusha kwa maji, ya antioksidanti. Wanasema inasaidia ini kutoa sumu. Lakini mwalimu, sikudanganyi, dawa ya pombe ni maji na usingizi."

"Usingizi sina time."

"Basi chukua. Lakini usichanganye na maziwa. Kaa masaa matatu."

Niliyeyusha vidonge viwili palipoandikwa kimoja, nikanywa povu lote nikiwa nimesimama. Sasa nikawa nanuka machungwa juu ya bia.

Huko Soy niliongea vizuri, lazima nikiri. Wazee walicheka, mahari ikakubaliwa bila kelele. Ndipo mama wa msichana akaja mwenyewe na kibuyu cha mursik, yale maziwa yaliyolala na kutiwa unga wa mkaa. Msemaji wa wageni ndiye hunywa kwanza, na asiponywa hakuna anayekunywa.

Nikatazama saa. Masaa matatu hayajaisha. Hadi leo sijui kama lile katazo lilikuwa la kweli, lakini niliogopa kuwatapikia wakwe. Nikafunika kikombe kwa kiganja.

"Asante, Mama. Mimi sitakunywa."

Kwetu, ukikataa mursik umekataa boma lililoyalaza. Mdogo wangu alinigeukia, uso umemparara.

"Msemaji," mzee mmoja akauliza polepole, "kuna shida na hii boma?"

Ningesema ukweli hapo. Ungeniaibisha mimi peke yangu, na ningestahili. Lakini mimi ni mwoga.

"Hapana, Mzee. Ni vidonda vya tumbo. Daktari amenikataza maziwa."

Mdogo wangu akachukua kikombe changu, akasema atakunywa kwa niaba yangu, akakimaliza bila kupumua. Wazee wakalegea. Mama wa msichana, kwa huruma, akamgeukia mama yangu.

"Mama, na mbona hamkutuambia kijana ni mgonjwa? Mficha maradhi kifo humuumbua!"

Mama yangu ni kiongozi wa akina mama kanisani. Nikiwa darasa la pili alinichapa kwa kusema nimeoga ilhali sijaoga. Alikitazama kiganja changu kilichokuwa kimefunika kikombe, kisha akamtazama mdogo wangu.

"Ni kweli," alisema. "Vinamsumbua tangu zamani."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama wa msichana aliweka kibuyu chini, akaniwekea mkono tumboni, akaomba wote tufumbe macho aniombee. Aliomba kwa machozi, akimsihi Mungu aniponye nije kunywa maziwa ya nyumba yake.

Katikati ya maombi nilifumbua macho. Mama yangu hakuwa amefumba yake. Alikuwa ananitazama, na wote waliposema amina, yeye hakusema.