Siku Niliposoma Ahadi ya Kaka Yangu

Tulikuwa wanawake wawili tuliojitolea kuhudhuria kila mkutano mkuu wa kijiji na kuandika yaliyosemwa: mimi, fundi cherehani, na jirani yangu, muuza kaa. Mafunzo tulipewa Kibiti, siku mbili tu. Tuliporudi kisiwani kwetu watu wakatuuliza nani katutuma. Nikawajibu, "Hakuna aliyetutuma. Mkutano ni wetu sote."

Nisiousahau ni ule wa mikoko. Katika mkutano uliotangulia, wakataji walikubali kuupumzisha upande wa baharini mpaka miche ikue, na upande wa bara waendelee kukata kwa kibali. Kaka yangu mkubwa, naye mkataji, ndiye aliyesimama akaahidi kwa niaba ya wenzake.

Sasa mtendaji wa kijiji akasoma muhtasari: wakataji wamekubali kuacha kukata pande zote mbili. Kelele zikazuka. Kaka akasimama, mishipa ya shingo imemtoka.

"Uongo! Hatukukubali kuacha popote!"

Jirani yangu akanigusa goti. Nilijua kilichomo daftarini, na nilijua nitamuudhi nani. Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, naomba nisome tulivyoandika siku ile."

Akasita kidogo. "Haya mama, soma."

Nikasoma neno kwa neno, jina la kaka na ahadi yake humohumo. Mtendaji akaomba radhi, akasema alichanganya, akaufuta ule mstari mbele yetu na kuandika upya. Kaka akachukua kofia yake, akaondoka bila kuniangalia.

Siku nyingi hakukanyaga kwangu. Iliniuma, maana ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Lakini sikujuta, na mkutano uliofuata nilikaa palepale mbele.

Ijumaa moja, baada ya sala, nikasikia hodi. Ni yeye.

"Mdogo wangu, uliandika kwamba upande wa bara turuhusiwe?"

"Niliandika."

"Nisomee."

Nikamsomea. Akataka nirudie, nikarudia.

"Ninakilie huo ukurasa. Nataka nimpelekee bwana misitu, asije akatuzuia na huko."

Nikasogeza nguo mezani, nikanakili yote. Alikuwa amesimama nyuma ya bega langu akifuatilia.

"Na ile ahadi nayo unaiandika?"

"Na ile nayo, kaka."

Akaguna. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa kanzu, kisha akauliza kama kuna chai.