Pua ya Bi Hidaya

Enzi za Mjerumani, reli ilipokuwa ndiyo kwanza imefika Morogoro, Bi Hidaya alikuwa na miaka mingi akipika futari ya kuuza sokoni. Alikuwa na tambo moja: wakati wa mfungo haonji hata tone. Pua ndiyo inayomwambia kama chumvi imekolea. Chumvi ina harufu gani? Hilo humuulizi, labda uwe umechoka kuwa na meno.

Shaabani ikielekea ukingoni, mafua yakamlaza siku kumi. Alipoinuka, mchuzi na maji ya mto vilikuwa kitu kimoja puani mwake. Aliogopa kweli. Wateja wakijua, wangehamia kwa jirani yake, Bi Asia.

Basi akapanda milima ya Uluguru mpaka misheni, kwa sista Mjerumani aliyekuwa akitibu watu. Sista akaleta vikombe vitatu vilivyofunikwa vitambaa, akamwambia anuse. Lakini kwenye benchi walikaa wagonjwa wanane wakimtazama, na Bi Hidaya si mtu wa kushindwa hadharani. Kikombe cha kwanza, alimwona Regina, msaidizi wa sista, akifuta machozi.

"Kitunguu!"

Cha pili, kitambaa kilikuwa na doa la kahawia. "Kahawa!" Cha tatu, sista mwenyewe alipiga chafya. "Pilipili manga!"

Benchi zima likashangilia. Sista akamshika bega. "Mama, pua yako nzima. Nenda nyumbani."

Akashuka mlima na sifa tele, dawa hana. Njiani alilia kwa hasira, maana hakuwa na wa kumlaumu.

Siku ya kwanza ya mfungo, alasiri, alisimama mbele ya chungu cha magimbi ya nazi, mwiko mkononi, asijue la kufanya. Mwishowe akajikaza, akaenda kwa Bi Asia.

"Mwenzangu, pua yangu imekufa. Njoo uninusie chumvi."

Bi Asia akamkodolea macho. "Kunusa chumvi? Si uonje kwa ncha ya ulimi, uteme! Mwalimu wa msikitini ameturuhusu wapishi tangu zamani. Sote ndivyo tufanyavyo."

Bi Hidaya akarudi, akaonja, akatema. Chumvi alikuwa ameitia kwa konzi ileile ya miaka yote.

Ilikuwa imezidi mno. Akawakumbuka wateja wake, Ramadhani baada ya Ramadhani, walivyokuwa wakimsifu huku wakiomba maji.