Mkebe wa Tope la Metito

Watu wa Kitengela walikuwa na hakika kwamba vile visamaki huanguka na mvua. Dimbwi limekauka miezi, ni nyufa na vumbi tupu, mvua inanyesha, na baada ya wiki chache visamaki vinachezacheza humo na mikia myekundu kama shuka mpya. Sasa vimetoka wapi kama si mbinguni? Aliyekataa ni Metito, mume wa Resian. Alikuwa mkata mawe, na dimbwi lenyewe lilikuwa nyuma ya machimbo yao. Alisema samaki hutaga mayai topeni. Dimbwi likikauka wazazi hufa, mayai hubaki humo yakingoja mvua.

Wakamcheka. Mmaasai na samaki, wapi na wapi? Metito hakujali. Aliokota vipande vya vioo, akaviunganisha, akaweka tangi sebuleni, juu ya meza ambapo wenzake huweka redio. Yeye na Resian hawakuwa wamejaliwa mtoto. Jioni walivuta viti viwili mbele ya kioo na kubishana ni samaki gani mkorofi zaidi. Ukimuuliza Resian ndoa yake ilikuwaje, angekuambia ilikuwa hivyo, na ilimtosha.

Mwishoni mwa mwaka 1999 samaki walizeeka. Metito alimwaga maji, akaligawa tope lenye mayai katika mikebe miwili ya mafuta ya kupikia. Mmoja akauweka kabatini. Wa pili akampelekea Saado, jirani mwenye duka, kwa kuwa paa la duka halivuji. Haikupita miezi mingi, ukuta wa machimbo ukaporomoka, naye Metito hakurudi nyumbani.

Kisha ukaja ule ukame wa mwaka 2000. Resian alizaliwa kwenye boma la ng'ombe, upande wa Kajiado. Ng'ombe wa baba yake walikwisha mmoja mmoja, na tangu hapo hakuweza kuvumilia kutazama udongo mkavu. Kwa hiyo kila asubuhi aliufungua mkebe na kulinywesha tope maji kidogo, kama ndama aliyefiwa na mama. Ukweli ni kwamba alikuwa akimwonea huruma Metito humo ndani.

Mvua iliporudi, dimbwi halikuwapo tena. Lilikuwa limejazwa kifusi, na juu yake vigingi vya ploti. Kilichobaki cha Metito chenye uhai, kama kilikuwapo, kilikuwa ndani ya mkebe. Resian alikinga maji ya mvua, akajaza tangi, akatia tope. Likatoa harufu ya yai viza. Alingoja na kungoja mbele ya maji meusi, na hakuna kilichotikisika.

Akaenda dukani kununua sabuni, akaishia kulia juu ya kaunta.

"Ilikuwa inakauka, Mama Najah," alimwambia Saado. "Mimi nikawa naipea maji. Kila siku naipea maji, na imeoza."

Saado alipanda juu ya kiti, akaingiza mkono nyuma ya maboksi ya majani chai, akatoa mkebe uliojaa vumbi. Hakuweza kumtazama Resian usoni.

"Nisamehe, abaayo, dada yangu. Bwana yako alinipea hii nimuwekee. Nilisahau kabisa."

Resian alikasirika. Kitu cha Metito kusahauliwa nyuma ya majani chai! Aliuchukua mkebe akaondoka bila kuaga. Tope lilikuwa limekauka kabisa, ikabidi alibandue kwa kisu. Alimwaga yale maji meusi, akalitia katika maji mapya ya mvua bila tumaini lolote, akaenda kufua nguo.

Kesho yake kulikuwa na macho majini. Macho tu, mawili mawili, na nyuma yake kijimwili chembamba kama uzi. Resian aliita, "Metito!", kama amwitaye mtu aliye uani aje aone. Kisha akakumbuka, akakaa sakafuni.

Aliwalisha kama Metito alivyowalisha: maji ya kijani ya birika la ng'ombe, yaliyochujwa kwa kitambaa hadi wabaki vijidudu. Walikua upesi, mikia ikapata wekundu. Jioni alivuta viti viwili, akakalia kimoja. Madume waligombana vizuri sana, na hakukuwa na wa kubishana naye.

Wakazeeka, nao pia. Resian alimwaga maji, akatandaza tope juu ya gunia likauke, akajaza mkebe, akaufungia kabatini. Asubuhi iliyofuata alijikuta amesimama mbele ya kabati, kikombe cha maji mkononi.

Alikwenda dukani vivyo hivyo, kikombe mkono huu, mkebe mkono huu.

"Mama Najah, niwekee hii."

"Hii mara sitasahau, wallahi. Naiweka hapa mbele, niwe naiona kila siku."

"Hapana," Resian alisema. "Weka kule juu, nyuma ya majani. Usahau. Mimi siwezi."