Kisima Namba Tisa na Miaka Kumi na Moja ya Maji Safi

Saa moja asubuhi Mama Chupa anasukuma mpini wa pampu, anahesabu kimoyomoyo mpaka mia tatu. Maji yanamwagika tu, hakingi hata tone. "Haya yamelala kwenye bomba," anasema akihema. "Nataka yaliyoamka."

Watoto ndio waliompa jina hilo, kwa sababu ya chupa zinazogongana kwenye kikapu cha baiskeli yake. Kila miezi mitatu anazunguka visima kumi na vinne, anapima mbolea ya mashambani iliyozama mpaka kwenye maji ya ardhini.

Mwaka hadi mwaka vipimo vinapanda. Maji ya kunywa mwisho wake ni miligramu hamsini kwa lita, na visima vingi vimeshapita hapo. Isipokuwa hiki namba tisa, uani kwa kaka yake, katikati ya mahindi. Miaka kumi na moja kinasoma tatu, nne, tatu. Ofisini kwake, idara ya maji, walisema labda chini kuna mwamba. Yeye hakuridhika.

Leo ndiyo mara ya kwanza anajisukumia mwenyewe hapa. Siku zote wifi yake humwekea ndoo tayari, asichoke. Leo wifi yuko ndani na mtoto wa wiki tatu, wa kwanza baada ya kusubiri miaka kumi na miwili.

Anachovya ukanda wa kupimia. Unageuka rangi ya waridi, unakolea. Themanini. Anarudia. Themanini.

Ndani, wifi anatikisa chupa ya kwanza ya maziwa ya kopo, kwa kuwa maziwa yake mwenyewe hayatoshi. Mama Chupa anamuuliza taratibu ile ndoo alikuwa akiijazia wapi.

"Kwenye tangi la mvua, wifi. Pampu yenyewe ngumu kama kaka yako. Kwani maji si maji?"

Mama Chupa anacheka mpaka anakaa chini. Miaka yote hiyo amepima mawingu! Kisha macho yanatua kwenye chupa, kicheko kinakatika. Anauliza maziwa yamekorogwa na maji gani.

"Ya pampu, si vipimo vyako vinasema ni safi? Na nimeyachemsha vizuri."

"Mbolea haifi kwa moto, wifi. Mtoto mchanga inamnyima pumzi. Nipe hiyo."

Wifi anaitoa. Yanakorogwa mengine, kwa maji ya tangi yaliyochemshwa, na mtoto anafyonza kama vile hakuna kilichotokea.

Kosa si la wifi, Mama Chupa anasema, ni lake mwenyewe. Angesukuma mwenyewe tangu siku ya kwanza. Namba za daftarini hazifuti. Pembeni ya kila moja anaandika "mvua", chini anaanza upya: themanini.

Kaka yake ameahidi kupunguza mbolea msimu huu. Ila ardhi haina haraka, na Mama Chupa anastaafu baada ya miaka sita.

"Mimi sitaiona namba hii ikishuka," anasema, akimtazama mtoto. "Huyu ataiona. Nitamfundisha kusukuma. Mia tatu kamili, na asionewe huruma na mtu."